Kabla Hujamwandikia Mwenzako Barua ya Wakili
Mhadhara kwa wenye shule za muziki



Nimeombwa nizungumzie barua za mawakili, zile zinazomwambia mtu aache mara moja anachokifanya, la sivyo mtakutana mahakamani. Nitazungumza kama wakili anayeziandika, lakini pia kama mtu anayeithamini kazi yenu. Shule nyingi za muziki katika miji yetu ni vyumba viwili vitatu vya kupanga, piano moja iliyonunuliwa kwa mkopo, magitaa kadhaa, na mwanzilishi aliyezunguka makanisani na mashuleni miaka mingi akitafuta wanafunzi. Mtu wa namna hiyo akiona jasho lake linachotwa na mwingine, hasira yake ni ya haki. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba hasira ya haki inaweza kuzaa barua isiyo na haki, na barua ya namna hiyo humrudia aliyeituma.

Tuchukue mfano ambao hamtahitaji kuelezwa mara mbili. Una shule Sinza, Dar es Salaam. Mwalimu wako wa gitaa anaaga mwisho wa muhula, na mwezi unaofuata anafungua shule yake mtaa wa pili. Kibao chake kina jina linalokaribiana na lako, kwa rangi zilezile. Anafundishia kitabu chako cha mazoezi, kimetolewa fotokopi hadi jina lako kwenye jalada limefifia. Wazazi wanapokea ujumbe wake wa WhatsApp, ilhali namba zao zilikuwa kwenye daftari la ofisi yako. Na sehemu ya wanafunzi wako wameshamfuata. Unaingia kwa wakili umefura, na neno lako ni moja: mwandikie aache!

Aache nini? Wewe unaona kosa moja, usaliti. Sheria inaona mambo matano yaliyochanganyika: kufungua shule, kuhama kwa wanafunzi, jina, kitabu, na orodha ya namba. Jambo gumu kulisema mbele ya mwenye shule ni kwamba mawili ya kwanza, yanayomuuma kuliko yote, ndiyo ambayo barua haiwezi kuyagusa.

Nianze na hayo mawili, kwa sababu hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, katika kifungu cha 27, inayahesabu kuwa batili makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi, biashara au taaluma yake halali, isipokuwa katika hali chache, kama vile pale mtu anapouza biashara pamoja na sifa yake njema. Kifungu hicho tumekirithi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Mwaka huohuo, jimbo la California nchini Marekani liliandika katika sheria zake msimamo wa aina hiyo, na mpaka leo halijauacha. Kenya imekwenda njia tofauti kidogo: ina sheria maalumu ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, ambayo inaiachia mahakama ipime kama kizuizi ni cha kiasi au kimezidi, kwa kuangalia kazi yenyewe, muda na eneo. Kwa hiyo mwenye shule wa Nairobi aliyeandika katika mkataba kwamba mwalimu asifungue shule jirani kwa miezi sita ana jambo la kujadiliwa. Wa Dar es Salaam aliyeandika maneno hayohayo asitegemee kwamba yatasimama.

Wapo watakaosema sheria hiyo ni ya kikatili kwa wafanyabiashara wadogo. Sikubaliani nao. Mwalimu wa muziki hana mtaji mwingine zaidi ya vidole vyake, sikio lake na subira yake kwa watoto. Ukimzuia kufundisha umemzuia kula. Na muziki wetu wenyewe umeenea hivyo: mtu hukaa chini ya fundi, hujifunza, kisha huondoka akafundishe kwingine. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo Unguja tangu mwaka 1905. Kama kila fundi wa udi au kanuni angeweza kumfunga mwanafunzi wake kisheria asifungue darasa mtaa wa pili, taarabu isingefika ilikofika.

Kuhusu wanafunzi kuhama, kuna kisa cha Marekani ambacho kila chama cha walimu wa muziki kingefaa kukijua. Music Teachers National Association ni chama cha walimu wa muziki kilichoanzishwa mwaka 1876, ambacho wakati wa kisa hiki kilikuwa na wanachama zaidi ya 20,000, wengi wao walimu wa piano wanaofundishia sebuleni mwao. Maadili ya chama hicho yalimtaka mwalimu asishawishi kwa makusudi wanafunzi wa mwalimu mwingine. Ukisikia hivyo unaona ni adabu ya kawaida. Lakini tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara iliona jambo jingine: walimu wamekubaliana wasishindane, na anayepoteza ni mzazi, ambaye angeweza kupata ada nafuu au mwalimu bora. Desemba 2013 chama kilikubali kuifuta kanuni hiyo, na amri ya mwisho ikatolewa Aprili 2014. Chama cha walimu wa piano wa sebuleni, si kampuni ya mafuta! Mwanafunzi si mali ya shule. Mzazi akiamua kumhamisha mtoto, hata kama alishawishiwa, ametumia haki yake.

Kuna mpaka mmoja hapa, nao ni muhimu. Mwalimu akiwa bado anapokea mshahara wako ana wajibu wa uaminifu kwako. Kama alikuwa akiwashawishi wazazi wahame kila Jumamosi baada ya somo, ndani ya chumba unacholipia kodi, hilo linaandikika kwenye barua, tena kwa tarehe na majina ya walioshuhudia. Alichokifanya baada ya kuondoka ni habari nyingine.

Sasa jina. Hapa mwenye shule ana silaha ya kweli, ingawa wengi huigundua wakiwa wameshachelewa. Wapo wanaodhani kwamba cheti cha usajili wa jina la biashara kinawapa umiliki wa jina. Cheti hicho kinaeleza nani anafanya biashara kwa jina gani. Kinachokupa haki ya kumzuia mwingine ni usajili wa alama ya biashara na huduma, ambao kwa Tanzania Bara unafanywa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1986. Huduma za elimu, mafunzo na burudani zimewekwa katika daraja la 41 la mpangilio wa kimataifa, na ndilo daraja la shule ya muziki. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukivuka bahari kwenda Unguja, usajili wa Bara haukufuati. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008 na ofisi yake, BPRA. Mwenye shule mwenye tawi Dar es Salaam na jingine Mji Mkongwe lazima asajili mara mbili. Kwa Kenya usajili huo uko kwenye ofisi ya KIPI, nao hudumu miaka 10 kwa 10.

Asiyesajili hajapoteza kila kitu. Mahakama zinazofuata mkondo wa sheria za Kiingereza humlinda mtu ambaye mwenzake anajipitisha kwa wateja kana kwamba yeye ndiye. Mwaka 1990, katika kesi ya chupa za maji ya limau zenye umbo la limau, mabwana majaji wa Uingereza waliweka sawa mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba una sifa iliyojengeka kwa wateja, kwamba mwenzako amewapotosha au anaelekea kuwapotosha, na kwamba umepata au utapata hasara kwa sababu hiyo. Mambo hayo matatu yanaonekana mepesi mpaka siku ya kuyathibitisha. Shule iliyofunguliwa mwaka jana, yenye wanafunzi ishirini, itathibitishaje sifa iliyojengeka? Na kama jina lako ni “Shule ya Muziki ya Sinza”, yaani kazi yako na mtaa wako, utamzuiaje jirani aliye Sinza, anayefundisha muziki, asiyaseme maneno hayo? Kila siku nawashauri wanaoanza wachague jina ambalo mtu mwingine hana sababu ya kulitaja isipokuwa anataka kukuiga.

Kitabu cha mazoezi kina ulinzi wa hakimiliki, na ulinzi huo huanza pale unapokiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutaki usajili kwanza ndipo haki iwepo, ingawa kuiandikisha kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kunarahisisha ushahidi. Lakini linda kilichoandikwa, usidai kulinda kilichofundishwa. Mkataba wa kimataifa wa mali za ubunifu unaozibana nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, ambamo Tanzania na Kenya zimo tangu Januari 1995, unasema wazi katika ibara ya 9 kwamba ulinzi unahusu namna jambo lilivyoelezwa. Mawazo na mbinu zenyewe haziguswi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshayasema hayo mwaka 1879, katika kesi ya kitabu cha kufundishia uandishi wa hesabu: kitabu kina mwenyewe, mfumo wa kuandika hesabu hauna.

Tuyalete kwenu. Ukiandika mazoezi thelathini ya vidole, ukayapanga kwa mtiririko wako, ukachora picha za mkono na ukaandika maelezo kwa Kiswahili chako, hizo ni kurasa zako. Wazo la kumwanzishia mtoto kwa nyuzi tatu badala ya sita si lako. Makamu za Rast na Bayati si za mtu. Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Unguja mwaka 2002, inafundisha udi, kanuni, fidla na ngoma, na yeyote anaweza kufungua darasa la ala hizohizo kesho asubuhi. Tazameni njia ya Shinichi Suzuki wa Japani, ya kumfundisha mtoto mdogo fidla kwa kusikiliza kwanza huku mzazi akiwa kando yake. Kumfundisha mtoto kwa namna hiyo hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuliweka jina la Suzuki kwenye kibao cha shule ni jambo lenye wenyewe, na kuvitoa fotokopi vitabu vyake ni jambo lenye wenyewe pia. Barua ya onyo ikiandikwa vizuri huonyesha mstari huo: inataja kurasa, haitaji mbinu.

Na hakikisha kitabu ni chako kweli. Katika shule nyingi nilizoziona, mazoezi yaliandikwa na mwalimu yuleyule aliyeondoka, akilipwa kwa saa, pasipo mkataba wowote wa maandishi. Ukimtumia barua ya hakimiliki atakujibu kwamba mwandishi ni yeye, na huenda akawa na hoja kuliko wewe. Jambo hili humalizwa siku ya kuajiri, kwa aya moja ya mkataba.

Orodha ya namba nitaipitia upesi, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu sheria yake iko wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Jina la mzazi, namba yake, umri wa mtoto na siku anazokuja ni taarifa binafsi. Mwalimu aliyeondoka na daftari lile amewakosea wazazi hata kabla ya kukukosea wewe. Lakini sheria hiyohiyo inakuangalia na wewe: uliitunzaje orodha hadi kila mwalimu akaweza kuipiga picha? Kabla ya kuandika aya hiyo ya barua, funga kabati lako.

Tuje kwenye barua yenyewe. Barua ya kwanza si lazima iandikwe na wakili. Wakati mwingine ya mwenye shule mwenyewe husikilizwa zaidi, hasa kama mlikula chungu kimoja. Kilicho lazima ni kwamba kabla ya neno la kwanza ushahidi uwe mkononi. Piga picha kibao chake siku ya kwanza ulipokiona, tena uonekane mtaa. Nunua nakala ya kile kitabu na utunze risiti. Mzazi aliyepokea ujumbe aombwe kwa upole asiufute kwenye simu yake, kwa kuwa picha ya skrini peke yake hubishaniwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii Tanzania, lakini mahakama hutaka kujua ulitunzwaje na nani aliugusa.

Barua nzuri inasema wewe ni nani na unamiliki nini, tangu lini, kwa uthibitisho gani. Inasema mwenzako amefanya nini, wapi, tarehe gani. Inasema unataka afanye nini, jambo mojamoja, na kwa lini. Mwisho inasema utafanya nini asipofanya, kisha inampa jina na namba ya mtu wa kuzungumza naye. Tofauti kati ya barua yenye uzito na barua ya kelele ni hiyo tu. Sikieni aya hii ya kelele: “Umeiba mali zetu zote na kuhujumu biashara yetu, acha mara moja, la sivyo tutakuchukulia hatua kali za kisheria.” Aliyeipokea hajui ameiba nini, hajui aache nini, na wakili wake atacheka. Sasa sikieni hii: “Kurasa za 4 hadi 31 za kitabu unachokiuza kwa jina la Gitaa kwa Wanaoanza zimenakiliwa kutoka kitabu chetu tulichokichapisha mwaka 2019, pamoja na michoro ya mikono na makosa mawili ya uchapaji yaliyo kwenye ukurasa wetu wa 17. Tunakuomba usiendelee kukiuza wala kukigawa, na utukabidhi nakala zilizobaki ndani ya siku 14.” Hapo pana la kujibu. Yale makosa mawili ya uchapaji yanafanya kazi kuliko vitisho kumi.

Siku 14 ndiyo muda uliozoeleka, lakini hakuna amri kwamba ziwe 14. Kubadilisha kibao kilichochongwa kwa chuma kunahitaji muda zaidi ya kufuta tangazo la simuni. Mpe mtu muda anaoweza kuutekeleza, kwa maana mahakama ikija kuisoma barua hiyo itatazama kama ulikuwa mtu wa kiasi. Na mahakama huja kuisoma. Kwa Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 zinamtaka mdai aambatanishe na hati yake ya madai nakala za nyaraka zake, ikiwemo barua ya madai iliyotangulia kesi. Kwa hiyo andika kila sentensi ukijua jaji ndiye msomaji wako wa pili.

Kuhusu lugha, mfano bora ninaoufahamu ulitoka kwa watengenezaji wa whisky. Mwaka 2012 mwandishi wa Louisville, Kentucky, Patrick Wensink, alitoa riwaya iitwayo Broken Piano for President, na jalada lake liliiga nembo ya chupa ya Jack Daniel’s. Wakili wa kampuni akamwandikia. Alimwambia kwamba wanafurahi kuona anaipenda chapa yao, akamweleza kwa nini hawawezi kuliacha jalada hilo, akamwomba alibadilishe kitabu kikichapwa upya, na kwamba akikubali kubadilisha toleo la kielektroniki mapema zaidi, kampuni ingechangia gharama. Mwandishi aliitoa barua hiyo hadharani, ikasifiwa dunia nzima. Kampuni kubwa, yenye uwezo wa kumfilisi, ilimwandikia kama jirani, na haikupoteza hata chembe ya haki yake. Ninyi mnaoishi mtaa mmoja na mnayemwandikia, mnaokutana naye kwenye harusi na misiba, mna sababu zaidi ya kuandika hivyo.

Barua ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye kitabu cha kupokelea, au kwa posta ya rejista, na nakala kwa barua pepe. Isipelekwe kwenye kundi la wazazi. Naomba mnisikilize hapa. Ukimwandikia mwalimu kwamba ameiba, mmezungumza wawili. Ukiwatumia wazazi hamsini maneno hayohayo, umefungua mlango wa kesi ya kashfa ambayo mdaiwa ni wewe. Uingereza wamelichukulia jambo la vitisho kwa uzito hadi wakatunga sheria, iliyoanza kutumika Oktoba 2017, inayomruhusu aliyeumizwa na vitisho vya kesi ya alama za biashara, hataza au michoro visivyo na msingi kumshtaki aliyevitoa. Inawabana hasa wanaowatishia wateja na wauzaji badala ya kumkabili mwenye kosa. Kwetu hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hekima yake haihitaji Bunge. Vilevile, usichanganye madai ya fedha na tishio la polisi. Anayesema “nilipe milioni tano au nikupeleke ndani” ameacha kudai haki na kuanza kutoza.

Kuna barua ambazo hazikupaswa kuandikwa kabisa, na muziki una mifano yake. Mwaka 1996 chama cha watunzi na wachapishaji wa Marekani, ASCAP, kiliziandikia kambi za watoto za majira ya joto kikizitaka zilipie nyimbo zinazoimbwa pale, zikiwemo kambi za Girl Scouts. Kwa herufi ya sheria walikuwa na hoja. Mbele ya watu walionekana wanawatoza mabinti wanaoimba kuzunguka moto, na wakarudi nyuma. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alidai dola milioni 50 mahakamani kwa sababu ya picha ya ufuo iliyoonyesha nyumba yake. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata watu zaidi ya 420,000 waliitembelea, na kesi akashindwa. Jiulize kabla ya kusaini: kama barua hii ikisambazwa leo usiku mjini kote, itaonekana imeandikwa na anayelinda chake au na anayemkanyaga mdogo?

Mfano unaonigusa zaidi ni wa wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule unaoimbwa kwa Kiingereza kila penye keki. Muziki wake ulitungwa Louisville na dada wawili, Mildred na Patty Hill. Patty alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti hiyo ilichapwa mwaka 1893 ikiwa na maneno ya kuwasalimu watoto asubuhi. Kwa miaka mingi kampuni ya uchapishaji ya Warner/Chappell ilidai malipo kwa kila filamu iliyouimba, na watu walilipa kwa sababu barua ilitoka kwa kampuni kubwa. Mtayarishaji mmoja wa filamu alilipa dola 1,500, kisha akaamua kuuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: je, ni wenu? Septemba 2015 jaji wa shirikisho huko California aliamua kwamba kampuni hiyo haikuwa na hakimiliki halali ya maneno ya wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mwaka uliofuata walikubali kulipa dola milioni 14 kumaliza shauri. Wimbo ulizaliwa darasani, kwa ajili ya watoto.

Mwenzako akinyamaza baada ya siku 14, ndipo thamani ya neno lako inapopimwa. Anayetuma barua ya pili, ya tatu na ya nne bila kufanya lolote amemfundisha mwenzake kwamba hatafanya lolote. Usiahidi kesi kama huna nia nayo wala uwezo wa kuiendesha. Andika basi kwamba utawasilisha malalamiko COSOTA, au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kama hilo ndilo utakalolifanya. Kama unakusudia mahakama, nenda mapema. Zuio la muda hutolewa kwa masharti ambayo Tanzania yanatokana na uamuzi wa Atilio dhidi ya Mbowe wa mwaka 1969, na Kenya Giella dhidi ya Cassman Brown wa 1973: kuwepo hoja nzito ya kuamuliwa yenye dalili ya kushinda, hatari ya madhara yasiyofidika kwa fedha, na kupima nani ataumia zaidi. Aliyekaa mwaka mzima akikitazama kibao atamwambiaje jaji kwamba kila siku moja inamuangamiza? Sheria ya ukomo nayo inakwenda: miaka 3 kwa madhara ya nje ya mkataba, 6 kwa mkataba.

Lakini mara nyingi mambo huishia mezani. Mwalimu hubadilisha jina, hukabidhi vitabu, hufuta namba, na huandika hati ya ahadi ya ukurasa mmoja ambayo wote wawili mnaisaini. Shule mbili zinabaki mtaa mmoja. Nimeona shule za namna hiyo zikiazimana spika siku ya maonyesho ya wanafunzi, na sioni sababu ya kuliita jambo hilo kushindwa.

Neno kwa walimu vijana mlioko nyuma, ambao siku moja mtapokea barua ya namna hii. Msiichane, na msiijibu usiku uleule. Tenganisheni yale mambo matano. Kama umechukua daftari la namba, lirudishe na ufute nakala, usingoje kulazimishwa. Kama kitabu si chako, andika chako. Kama unachoambiwa uache ni kufundisha gitaa, jibu kwa adabu na kwa maandishi kwamba hutaacha, na useme kwa nini.

Nanyi wenye shule, nawaombeni mambo mawili kabla ya muhula ujao. Pelekeni jina lenu likasajiliwe katika daraja la 41, Bara BRELA, Visiwani BPRA, Kenya KIPI. Na kila mwalimu, hata anayekuja Jumamosi peke yake, asaini mkataba unaosema vitabu ni vya nani na orodha ya wazazi ni ya nani. Msiweke ndani yake aya ya kumkataza kufundisha.